UZI: Unataka kufundisha chuo na kufanya utafiti wa usonji (autism), tabia na elimu maalum ukiwa huku Kisumu na Magharibi? Tuongee wazi

Mwalimu_wa_Kisian:

Habari zenu wakuu. Kila mara napata maswali ya aina moja, mengi kutoka kwa walimu wa yuniti maalum (madarasa ya watoto wenye ulemavu) na wanafunzi wanaokaribia kumaliza pale Maseno na Kakamega. Mtu anataka siku moja awe lekchara, anapenda kufanya kazi na watoto wenye usonji, ameona video za ABA (uchanganuzi wa tabia) mtandaoni, hajui aanzie wapi na hajui ni nani anamdanganya. Nitaandika kirefu mniwie radhi, hili jambo liko moyoni mwangu na nimeona vijana wazuri wakipotelea njiani.

Kwanza hizo herufi za Marekani, maana hapo ndipo pesa za watu zinaliwa. Uchanganuzi wa tabia kule una bodi yake inaitwa BACB, iko tangu 1998, na inatoa vyeti. Kikubwa ni BCBA, cha mtu mwenye masta na masaa 2000 ya kazi chini ya msimamizi, halafu kuna kidogo cha RBT, cha msaidizi, kinachoanza na mafunzo ya masaa 40. Sasa sikieni: tangu tarehe 1 Januari 2023 hiyo bodi haipokei maombi mapya kutoka nje ya nchi chache walizochagua, Marekani na Kanada zikiwa mbele, na Kenya haimo. Walitangaza mapema, tangu Desemba 2019. Kwa hivyo mtu akikuuzia kozi ya mtandaoni ati ukimaliza utakuwa BCBA ukiwa umekaa Nyamasaria, muulize atakavyokupitisha kwa hiyo bodi kabla hujatuma M-Pesa. Kuna bodi nyingine za vyeti, IBAO na QABA, hizo zinapokea watu kutoka huku, na mafunzo yake yana maana kama unataka kufanya kazi ya kliniki. Lakini chuo kikuu cha Kenya hakimwajiri lekchara kwa cheti cha kliniki. CUE (tume ya vyuo vikuu) walitoa vigezo 2014: lekchara ni PhD, na mwenye masta ambaye amesajiliwa kwa PhD anaingia chini kidogo kama tutorial fellow. Baada ya hapo unapanda kwa machapisho na kwa wanafunzi uliowasimamia mpaka wakamaliza. Hiyo ndiyo ngazi, hakuna nyingine.

Sasa mlango wa huku kwetu ni upi? Ni idara za elimu maalum. Maseno iko nayo, Kenyatta iko nayo, na KISE (taasisi ya elimu maalum) pale Kasarani imekuwa ikifundisha walimu tangu 1986. Ndani ya kozi hizo uchanganuzi wa tabia unaingia kama yuniti ya kurekebisha tabia: muhula mmoja, noti za mwanasaikolojia Skinner na panya wake, zawadi na adhabu, mtihani, imeisha. Mwanafunzi anatoka hapo anajua maana ya zawadi lakini hajawahi kukaa na mtoto mmoja akaandika kinachotokea dakika kwa dakika. Mimi naamini kazi yetu iko hapo. Yule atakayeichukua hiyo yuniti aifundishe kwa mifano ya darasa la Ahero na Luanda, na awe na data yake mwenyewe aliyoikusanya kwa lugha ambayo mtoto anaisikia nyumbani, huyo hana haja ya kungoja Marekani imfungulie.

Nitoe mfano mjue naongelea nini. Kuna kijana wa miaka tisa kwenye yuniti moja barabara ya Busia, haongei. Asubuhi alikuwa anasukuma dawati, anajiuma mkono, anakimbilia mlango. Wengine walisema ni kiburi, wengine wakasema ni njaa. Mwalimu wake akachora jedwali kwenye daftari ya kawaida: saa ngapi, nini kilitokea kabla, mtoto alifanya nini, nini kilifuata. Hakuna kompyuta wala nini. Baada ya muda ikaonekana siku mbaya ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na zote zinaanza dakika chache baada ya kisiagi (mashine ya kusaga unga) cha jirani kuwashwa. Siku stima ikipotea mtoto ametulia anapanga vifuniko vyake vya soda. Alikuwa anakimbia kelele, basi. Ukimpiga hapo unampiga kwa sababu masikio yake yanaumia. Wakamfundisha kutoa kadi, kipande cha katoni kimebandikwa picha ya mwembe, akiitoa anaruhusiwa kwenda kukaa chini ya mwembe mpaka atulie. Mwanzoni alikuwa anaitoa hata kisiagi kikiwa kimezimwa na wakamwachilia, wakaheshimu kadi, na kule kujiuma kukapungua sana.

Hiyo njia si uvumbuzi wa barabara ya Busia. Carr na Durand waliionyesha 1985, kumpa mtoto namna ya kusema kile alichokuwa anakisema kwa kujiuma. Na Iwata na wenzake 1982 ndio waliotengeneza majaribio ya kujua tabia inamletea mtu nini kabla hujaigusa: anataka kuangaliwa, anakimbia kazi, ama mwili wenyewe unahitaji. Kilicho kipya ni hiyo daftari. Ile daftari ikipangwa vizuri, unapima kabla, unaingiza kadi, unapima tena, halafu unarudia kwa mtoto wa pili na wa tatu kwa kuwaanzishia nyakati tofauti, hiyo ni tasnifu ya masta. JABA, jarida kubwa la hii fani, liko tangu 1968 na limejaa tafiti za watoto watatu wanne tu. Haihitaji uwe na ruzuku ya mamilioni wala watoto mia nne. Kwa chuo chenye bajeti kama za huku hakuna muundo wa utafiti unaofaa kuliko huo, na bado wanafunzi wetu wanaandika hojaji ya "mitazamo ya walimu kuhusu elimu jumuishi" mwaka baada ya mwaka.

Ulizeni.

NjoroKwetu:

Asante sana mwalimu, nimesoma yote. Mimi niko Nakuru, namaliza saikolojia Egerton mwaka huu. Sasa nifanye masta ya saikolojia ama ya elimu maalum? Maana nasikia mtu wa saikolojia hawezi fundisha kwa idara ya elimu maalum. Na kitu kingine, kuna rafiki yangu ananiambia nianze na diploma ya KISE kwanza.

Mwalimu_wa_Kisian:

Ndugu yangu wa Njoro, CUE na idara zenyewe huangalia kama digrii zako zinafuatana na kile unachofundisha. Kama roho yako iko kwa mtoto akiwa darasani, fanya masta ya elimu maalum na hiyo saikolojia itakusaidia sana kwa takwimu na upimaji, vitu ambavyo wengi waliotokea ualimu vinawasumbua. Kama roho yako iko kwa utambuzi wa usonji, hospitali, familia, basi kaa kwa saikolojia ya kliniki ama ya watoto na ukubali kwamba idara itakayokuajiri ni ya saikolojia ama chuo cha afya. Kugeuka katikati kunawezekana, ila utakuja kueleza kila bodi ya mahojiano.

Diploma ya KISE ni nzuri kwa mwalimu aliye na watoto mbele yake tayari. Wewe ambaye hujawahi kufundisha, kwanza tafuta pa kujitolea. Nenda EARC ya hapo Nakuru, ile ofisi ya kupima watoto kabla wapelekwe shule, hizo ofisi ziko tangu 1984 zilipoanzishwa kwa msaada wa Denmark na bado watu wengi hawajui zinafanya nini. Omba kukaa na mpimaji. Utaona mzazi akiingia na mtoto wa miaka saba ambaye ameambiwa na watu watano vitu vitano tofauti. Hapo ndipo swali lako la utafiti litakupata, hautalipata kwa maktaba.

Na wewe uko na bahati ya wakati. Victor Lotter alipita nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo, akaandika 1978 kuhusu watoto wenye usonji aliowapata kwenye vituo. Pwani, kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI-Wellcome ya Kilifi kimejenga utafiti wa ukuaji wa ubongo wa watoto kwa miaka mingi, watu kama Charles Newton na Amina Abubakar, na Profesa Abubakar sasa anaongoza taasisi ya maendeleo ya binadamu ya Aga Khan University. Wakati huo huo KEMRI yetu ya hapa Kisian dunia inaijua kwa malaria na HIV. Mtoto wa Siaya mwenye usonji bado anangoja mtu wake.

Sauti_ya_Vihiga:

Nimesoma kimya lakini wacha niongee. Mimi ni mtu mzima mwenye usonji, niliambiwa nikiwa nimeshapita utoto, na kila nikiona watu wanafurahia ABA tumbo linanikaza. Mwalimu umeeleza vizuri ya kisiagi na nimeipenda kwa sababu mtoto alisikilizwa. Lakini semeni historia yote. Ivar Lovaas wa UCLA ndiye aliyefanya hii kitu ijulikane, ule utafiti wake wa 1987, watoto 19, masaa 40 kwa wiki, akasema 9 kati yao walifika kiwango cha watoto wa kawaida. Watoto hawakugawanywa kwenye makundi kwa bahati nasibu, na ndani ya hayo matibabu kulikuwa na kumkaripia mtoto kwa sauti kubwa na kumpiga kofi la paja. Imeandikwa kwa makala yenyewe. Na kabla ya hapo aliwapiga watoto shoti ya stima, miaka ya sitini. Kuna kituo Massachusetts kimeendelea na stima mpaka karne hii, na chama kikubwa cha wachanganuzi wa tabia, ABAI, kilipiga kura ya kuipinga rasmi 2022. 2022! Si juzi tu hapo?

Na hata bila kofi, mtoto anafundishwa kukaa kimya, asipepete mikono, amwangalie mtu machoni, ili watu wazima wapumzike. Mimi nikipepeta mikono najituliza. Ukinizuia umeniondolea kitu na hujanipa chochote. Kwa hivyo anayetaka kupata uprofesa kupitia sisi ajibu kwanza: hiyo tabia unayoipunguza, inamsumbua nani?

MamaKondele:

Huyu wa Vihiga ameongea. Mimi ni mzazi, kijana wangu ako na miaka 12. Nataka niwaambie nyinyi wenye masta na PhD kitu kimoja. Mnakuja. Mnakuja na fomu, mnatuita tukae kwa ukumbi wa kanisa, mnatupatia soda, mnauliza maswali ya uchungu mtu analia mbele ya watu, alafu mnaenda na hatuwaoni tena. Sijawahi hata siku moja kuitwa niambiwe walipata nini. Kuna mmoja aliniuliza kama kijana wangu huzima mishumaa ya keki ya bathdei. Keki gani? Kwetu bathdei tunapika chapati na kuku. Akaandika kitu kwa karatasi na mpaka leo sijui aliandika mtoto wangu ameshindwa ama nini.

Sisi tunataka mtu wa kutuambia mtoto ataendaje choo, atalala saa ngapi, nikienda Kibuye kuuza nimwachie nani. Kama hiyo elimu yenu inafika hapo, karibuni kwangu.

Mwalimu_wa_Kisian:

Mama, asante, na pole. Sauti ya Vihiga, asante. Hamjatoka nje ya mada hata kidogo, mmeshika kiini chake, na nitajibu nikiwa mzito kidogo.

Ya Lovaas yote uliyosema ni kweli, na mwanafunzi yeyote anayeingia fani hii bila kuyasoma hayo ataaibika mbele ya watu na itakuwa haki yake. Niongeze: mapitio makubwa ya 2020 yaliyoongozwa na Micheal Sandbank yalipekua tafiti za misaada kwa watoto wadogo wenye usonji, yakakuta nyingi zina ubora hafifu, na ukibakisha zile zilizogawanya watoto kwa bahati nasibu peke yake ushahidi wa mbinu za kitabia unapungua sana. Kwa hivyo lekchara anayesimama kusema "ABA imethibitishwa" na kukaa chini anawanyima wanafunzi elimu. Fundisha mabishano yote. Na tuwe wakweli pia kwamba huku kwetu tatizo la mtoto si masaa 40 ya tiba, huku mtoto anapata kiboko, ingawa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekikataza. Mwalimu anayejua kuuliza "hii tabia inamwambia nini" anaweka kiboko chini, nimeliona hilo kwa macho yangu, na ndiyo sababu siwezi kuiacha hii elimu pamoja na madoa yake.

Sasa Mama, hiyo ya keki. Kile chombo kinachosifiwa duniani cha kutambua usonji, ADOS, kina sehemu ya kuigiza bathdei ya mwanasesere kwa watoto wadogo, keki na mishumaa. Mtoto ambaye hajawahi kuona mshumaa ukizimwa isipokuwa kwa kubana matumizi ataigizaje? Na kipengele cha kuangalia machoni: kuna nyumba nyingi hapa mtoto akimkazia macho babu yake anaonekana hana adabu. Kile chombo kina kazi yake kwa mikono ya mtu aliyefundishwa, lakini kuna kazi ya miaka mingi ya kukipima na kukirekebisha kwa watoto wetu, na hiyo ni kazi ya kitaaluma, ni machapisho, ni PhD kadhaa. Vijana, mnaona? Mama amewapa mada ya tasnifu bure kwenye mistari miwili.

Mada nyingine iliyolala hapo ni lugha. Mtoto anasikia Dholuo kwa nyanya, Kiswahili kwa ploti, Kiingereza darasani. Kuna wazazi wanaambiwa waache lugha ya mama wabaki na Kiingereza ili mtoto aongee. Hambly na Fombonne walichunguza watoto wenye usonji kule Kanada, 2012, hawakuona lugha mbili zikiwaongezea kuchelewa. Hapa kwetu mtoto anaambiwa amnyamazie nyanyake anayemlea kwa ushauri usio na msingi. Yeyote atakayefuatilia hilo Kisumu, Bungoma ama Kisii atakuwa amefanya kitu kikubwa.

Choo na usingizi, Mama, ndipo hii fani iko na nguvu zaidi kuliko kote. Kugawanya jambo la choo kwa hatua ndogo, kujua ni hatua gani mtoto anakwama, hiyo ni kazi yetu halisi. WHO nayo iko na mafunzo ya walezi wa watoto wenye kuchelewa ukuaji, yametengenezwa kwa nchi ambazo hazina wataalam wengi, na anayewafundisha wazazi si lazima awe daktari. Na kurudisha matokeo kwa wazazi: mimi mwanafunzi ninayemsaidia huandika hiyo kwa propozali kama shughuli yenye tarehe na bajeti yake, nauli na chai ndani. Isipokuwa na bajeti haitafanyika.

MtuWaMichigan:

Nawasalimu kutoka kwenye baridi. Kwetu ni Mumias, niko PhD ya elimu maalum huku mwaka wa tatu. Niongezee upande wa kutoka nje kwa wale wanaofikiria.

Marekani kuna vitu viwili vinavyoisukuma hii kazi. Moja ni sheria ya shule: tangu 1975 shule za umma lazima zimfundishe mtoto mwenye ulemavu, 1990 usonji ukaingizwa kwa jina, na 1997 wakaongeza kwamba mtoto akiwa na shida ya tabia kuna hali ambazo shule lazima ifanye uchunguzi wa tabia inamletea nini. Pili ni bima: kufikia 2019 majimbo yote 50 yalikuwa yamezilazimisha bima kugharamia huduma za usonji. Hapo ndipo kliniki zilipofumuka kila kona. Matokeo yake mtu mwenye masta na cheti anavutwa na pesa ya kliniki, na wanaobaki kusomea PhD wafundishe ni wachache. Kwa hivyo vyuo vinatafuta watu kweli. Lakini jueni kuna kazi za aina mbili: ile ya kudumu ambapo unapimwa kama miaka sita kwa utafiti, kufundisha na huduma, usipopita unaondoka, na ile ya kusimamia mafunzo ya kliniki kwa mkataba, unafundisha sana, unachapisha kidogo. Ukisoma tangazo la kazi angalia vizuri ni gani.

PhD nzuri huku hailipiwi na wewe. Unapewa nafasi ya kumsaidia profesa kufundisha ama utafiti, karo inaondolewa, unapata posho ya kuishi kwa kubana. Ukiambiwa ulipe PhD mwenyewe, tafuta kwingine. Vyuo vyenye jina kwa tabia ni Western Michigan, Kansas, Florida, North Texas. Nje ya Marekani angalieni Queen's Belfast, Bangor kule Wales, na OsloMet ya Norway wana PhD ya uchanganuzi wa tabia. Kwa ufadhili, Fulbright ya Marekani iko, lakini viza yake ina sharti la kurudi nyumbani miaka miwili, na Commonwealth iko kwa Uingereza. Mimi naona hilo sharti la kurudi si adhabu, kama mpango wako ni kufundisha Maseno.

Barua ya kwanza kwa profesa usiandike "I am passionate about autism". Kila mtu anaandika hivyo. Soma makala zake mbili, mwambie ungeiuliza vipi hiyo hoja yake kwenye darasa la watoto 40 na mwalimu mmoja. Mimi nilijibiwa kwa hiyo.

Tichaa_Busia:

Mimi niko na miaka 41, mwajiriwa wa TSC (tume ya walimu), nafundisha shule maalum, nina watoto watatu wa kulea. Hii yote inasikika tamu lakini nikiwacha kazi nani atalipa fees? Na nimeona malekchara wenyewe wakigoma mwaka jana mpaka watoto wakarudi nyumbani. Nitoke kwa mshahara wa uhakika niingie hapo?

Mwalimu_wa_Kisian:

Tichaa, swali lako ni zito kuliko yote hapa. Usiache kazi. Ule mgomo wa 2025 ulikuwa siku 49, wahadhiri wakidai bilioni 7.9 za makubaliano ya 2017 hadi 2021, pesa ambazo walikuwa wameshazifanyia kazi. Na kuna wanaofundisha patitaimu, nawajua, wanasomesha madarasa makubwa na malipo yanakuja muhula umeshasahaulika. Simshauri mzazi wa watoto watatu aende kuishi kwa patitaimu.

Lakini angalia uko na nini. Kijana wa miaka 24 akitaka kufanya utafiti lazima aombe kuingia darasani, azoeleke na watoto, mwalimu mkuu amwamini. Wewe uko ndani tayari, unawajua watoto na mama zao. Fanya masta ya kipindi cha likizo ukiwa kazini, tumia darasa lako (kwa idhini kamili, nitakuja kwa hilo), na ukiombea likizo ya masomo TSC iombe kabla ya kuanza, soma masharti yao yote. Ukimaliza masta, kuna kazi za kitaaluma ambazo si za chuo kikuu: KISE kwenyewe, vyuo vya walimu, KICD inayotengeneza mitaala, pamoja na ile ya watoto wanaofuata njia ya hatua (wanaopanda kwa uwezo wao, si kwa gredi), KNEC (baraza la mitihani) na upimaji wake, EARC. Sheria mpya ya watu wenye ulemavu ya 2025 nayo imechukua nafasi ya ile ya 2003, na anayejua darasa atahitajika kwa kuitekeleza. PhD ikija baadaye inakukuta na machapisho.

Kuhusu kuchapisha, tafadhali. Ukipata barua pepe ya jarida linalokusifu "esteemed professor" na kukuahidi makala kutoka ndani ya wiki moja ukilipa, futa. African Journal of Disability ni jarida la kweli, linasomwa wazi bila malipo na linapokea kazi za huku. Uliza ada yao mapema na uulize kama kuna msamaha. Machapisho mawili ya kweli yana uzito kuliko kumi ya majarida ya kununua, na bodi za kupandisha vyeo siku hizi zinaangalia.

NjoroKwetu:

Mwalimu umesema utakuja kwa idhini. Mtoto asiyeongea anatoaje idhini? Na mpangilio wa karatasi ni upi, maana hapa kila mtu ananiambia lake.

Mwalimu_wa_Kisian:

Mpangilio: propozali inapita idara na shule ya uzamili, halafu kamati ya maadili ya utafiti, Maseno iko nayo na hospitali ya rufaa ya Jaramogi pia, halafu leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya sayansi ya taifa), halafu ofisi ya elimu ya kaunti, halafu mwalimu mkuu, halafu mzazi. Usimguse mtoto kabla hiyo yote haijaisha hata kama mwalimu mkuu ni mjomba wako. Mzazi anasomewa fomu kwa lugha anayoielewa, na anaambiwa waziwazi kwamba akikataa mtoto hapotezi nafasi yake shuleni.

Kwa mtoto asiyeongea ningependa Sauti ya Vihiga ajibu.

Sauti_ya_Vihiga:

Sawa, nitajibu. Mtoto anakataa kila siku, ni watu hawasomi. Anageuza mwili, anasukuma kifaa, anaziba masikio, ananyamaza ghafla kumbe alikuwa anahumu, anaenda kukaa karibu na mtu anayemwamini. Kuna mwingine anakataa kwa kutii sana, anakuwa kama mbao, huyo mtakosa kumwona kama hamumjui. Kwa hivyo kabla ya utafiti kaeni na mama na mwalimu wake, muandike "huyu mtoto akikataa hufanya hivi", mtoto kwa mtoto. Ikitokea mnasimamisha, hamwongezi zawadi ili aendelee. Na muwe na mtu mzima mwenye usonji kwenye kamati ya ushauri ya utafiti, alipwe kama wengine, asiitwe tu kupigwa picha tarehe 2 Aprili, siku ya usonji duniani.

MamaKondele:

Wa kwangu akikataa anavua viatu. Akivua viatu hata umpatie nini hatafanya.

Mwalimu_wa_Kisian:

Mama, hicho cha viatu ndicho kinachoandikwa. NjoroKwetu, chukua hayo yote, yaweke kwa sehemu ya maadili kama masharti ya kusimamisha kipindi: kila mtoto na orodha yake ya ishara za kukataa, nani anaruhusiwa kusimamisha, na kipindi kilichosimamishwa kinahesabiwa kama data, hakifutwi. Kamati itakuuliza utajuaje, na utakuwa na jibu. Andika ukurasa mmoja wa wazo lako, uweke hapa hapa kwenye uzi, wazazi nao waupitie kabla haujafika kwa idara.